Kromu sita au kromu tatu kwa karakana ya Lamu?

SWALI: Assalaam aleikum. Nina karakana Langoni, Lamu. Narudishia mng'aro vitasa na pete za milango za brasi, natengeneza bawaba na reli za boti, na siku hizi vijana wananiletea vyuma vya pikipiki. Vitu vya kupigwa kromu napeleka Mombasa na vinakaa hata wiki tatu. Nimepata nafasi ya kununua vifaa vya karakana iliyofungwa: tangi la lita 200 lililovikwa risasi ndani, anodi za risasi (vipande vya upande chanya wa umeme), hanga za kutundikia, rektifaya (mashine ya kugeuza umeme wa kawaida kuwa DC) ya volti 12 na ampea 500, pamoja na ngoma mbili za asidi ya kromiki. Muuzaji wa dawa ananiambia niachane na mambo hayo ya zamani ninunue dawa ya kromu tatu, lakini bei yake ni mara kadhaa. Mzee anayeniuzia vifaa anasema kromu sita ndiyo rahisi. Je, kuna tofauti ya kweli au ni biashara tu? Na ipi itahimili chumvi ya bahari?

JIBU: Wa aleikum salaam, ndugu fundi.

Nianze na swali lako la mwisho, maana hilo likieleweka mengine yanakuwa mepesi. Kinachokinga chuma na chumvi si kromu, ni nikeli iliyo chini yake. Kromu ya urembo, iwe sita au tatu (maana ya namba hizo nitaieleza mbele), ni utando wa maikroni 0.25 hadi 0.5 tu, na karatasi ya daftari ina unene wa maikroni 100 hivi. Utando huo unazuia nikeli isifubae, unahimili mikwaruzo, na unaleta ile rangi mteja anayoilipia. Reli ya boti ikichanua kutu baada ya kusi moja, usilaumu kromu kabla hujapima nikeli.

Kwa vitu vya chuma vitakavyokaa juu ya maji ya Lamu, piga nikeli ya maikroni 30 hadi 40, tena kwa safu mbili. Ya chini iwe ya mng'aro nusu, isiyo na salfa, theluthi mbili ya unene wote. Ya juu iwe ya mng'aro kamili. Chumvi ikipenya tundu la juu, kutu hutambaa kwa upana ndani ya safu hiyo ya juu badala ya kuchimba moja kwa moja hadi kwenye chuma. Tangi la kawaida la nikeli lina gramu 240 hadi 300 za nikeli salfeti kwa lita, gramu 45 hadi 60 za nikeli kloridi, gramu 40 za asidi ya boriki, pH (kipimo cha ukali wa asidi) 3.8 hadi 4.5, joto nyuzi 55 hadi 60. Kwa ampea 4 kwa kila desimita mraba (kipande cha sentimita 10 kwa 10), nikeli hukua karibu maikroni 45 kwa saa. Kwa hiyo maikroni 35 ni dakika 45 na zaidi kidogo. Fundi anayetoa kitu baada ya dakika 10 kwa sababu "kishang'aa" ndiye anayeharibu jina la kromu pwani nzima.

Sasa tuje kwenye sita na tatu. Namba hizo zinaeleza hali ya kromu ikiwa bado ndani ya maji ya tangi. Ikishashika kwenye kitasa, zote mbili ni chuma kile kile, na mteja akikuuliza kama kitasa chake kina sumu, jibu ni hapana kwa zote mbili. Tofauti iko kwako wewe unayesimama juu ya tangi, kwa jirani zako, na kwa maji ya kisiwa.

Mzee hakukudanganya. Kromu sita kuiendesha ni rahisi. Kwa lita moja ya maji safi unatia gramu 250 za asidi ya kromiki na gramu 2.5 za salfeti, yaani asidi ya salfuriki kidogo sana. Uwiano wa 100 kwa 1 ndio roho ya tangi. Joto ni nyuzi 40 hadi 45, umeme ni ampea 10 hadi 20 kwa desimita mraba, muda dakika 1 hadi 3. Salfeti ikipungua mno unaona madoa ya kahawia na rangi za upinde wa mvua. Ikizidi, kromu haifiki kwenye mabonde na pembe za ndani. Iliyozidi unaishusha kwa bariamu kaboneti, gramu 2 na kitu kwa kila gramu moja ya salfeti unayotaka kuondoa. Ukiwa na hidrometa na kipimo cha salfeti umemaliza. Tena tangi hilo linavumilia uchafu: shaba na chuma vikiingia gramu kadhaa kwa lita bado kazi inatoka. Mtu aliyezoea hivyo akienda kwenye kromu tatu na mazoea yale yale, analiua tangi ndani ya mwezi.

Tatizo linaanzia kwenye umeme wenyewe. Katika kila ampea 100 unazopeleka kwenye tangi la kromu sita, 10 hadi 20 tu ndizo zinazoweka kromu. Nyingine zote zinapasua maji kuwa gesi: haidrojeni kwenye kitu chako, oksijeni kwenye anodi. Mapovu yakipasuka juu ya maji yanarusha ukungu wa asidi ya kromiki, na huo ndio unaoingia puani. Wakala wa kimataifa wa utafiti wa saratani, IARC, umeiweka kromu sita kwenye kundi la 1, yaani vitu vilivyothibitishwa kusababisha saratani kwa binadamu, tangu 1990. Inayotajwa hapo ni saratani ya mapafu. Kabla ya hapo mwili unatoa ishara nyingine: vidonda vidogo vya mviringo kwenye vidole visivyopona, na ukuta wa katikati ya pua kutoboka bila hata kuuma. Marekani iliweka kikomo mwaka 2006 cha maikrogramu 5 kwa mita moja ya ujazo ya hewa kwa kazi ya saa nane. Bila bomba la kufyonza hewa pembezoni mwa tangi, na chombo cha kuiosha hewa hiyo kabla haijatoka nje, hukaribii kikomo hicho. Langoni vichochoro ni vya kupishana kwa bega. Hewa utakayoifyonza itaenda dirishani kwa nani?

Zamani watu walitia dawa ya kufunika mapovu yenye PFOS. Kemikali hiyo nayo iliingizwa mwaka 2009 kwenye Mkataba wa Stockholm, ule wa kudhibiti kemikali sugu, kwa sababu haiozi, inabaki majini na mwilini.

Halafu kuna maji. Tangi lenye gramu 250 za asidi ya kromiki kwa lita lina gramu 130 za kromu yenyewe. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha kromu kwenye maji ya kunywa kuwa miligramu 0.05 kwa lita. Piga hesabu: kijiko kimoja cha chai, mililita 5, kikidondoka kutoka kwenye hanga kina miligramu 650, na kinatosha kuyafikisha kikomoni maji ya lita 13,000. Kijiko kimoja, fundi! Na kitu chenye mikunjo, kama kitasa cha nakshi, hutoka na zaidi ya kijiko kila kinapoinuliwa. Maji ya mji wa Lamu yanatoka chini ya vilima vya mchanga vya Shela, na mchanga hauzuii kromu sita; inayeyuka na kusafiri na maji. Kwa sababu hiyo peke yake mimi singeweka tangi la kromu sita kisiwani, hata ningepewa bure.

Kuhusu kama ni biashara tu: Ulaya tangu Septemba 2017 asidi ya kromiki haitumiwi bila kibali maalumu, na jimbo la California lilipitisha mwaka 2023 sheria ya kusitisha kromu sita ya urembo kuanzia 2027. Muuzaji wako anapata faida, ndiyo, lakini njia hiyo dunia inaifuata kwa sababu nilizokutajia.

Kromu tatu si dawa moja. Kuna aina mbili kubwa, na muuzaji akikuambia "kromu tatu" tu bila kutaja aina, muulize. Ya kloridi inafanya kazi kwenye joto la nyuzi 27 hadi 35, pH 2.3 hadi 3, anodi za grafiti, na inaweka maikroni 0.1 hadi 0.2 kwa dakika. Ya salfeti inataka nyuzi 45 hadi 55, pH 3.3 hadi 3.9, anodi za titani zilizopakwa oksaidi ya iridiamu, na ni ya polepole: maikroni 0.03 hadi 0.08 kwa dakika, kwa hiyo kitasa kinakaa dakika 5 hadi 10. Zote zina kromu ya gramu 5 hadi 25 kwa lita, na umeme ni kati ya ampea 4 na 15 kwa desimita mraba. Fuata karatasi ya muuzaji kwa namba kamili, kwa sababu kila mtengenezaji ana viungo vyake vya kuishika kromu isitengane na maji.

Kwa Lamu mimi ningechagua ya salfeti, na sababu kubwa ni joto. Watu husoma "nyuzi 30" wakadhani ni rahisi kwa sababu haihitaji hita. Lakini Machi hapo kwako maji yaliyosimama tu yana nyuzi 29 au 30, na rektifaya ikipeleka volti 12 na ampea 300 inatia tangini karibu kilowati 3.6 za joto. Kwenye lita 200 hiyo ni robo nyuzi kila dakika. Vichovyo vitano vya dakika tatu tatu na umeshapita 33. Saa sita mchana uko nje ya kipimo. Itabidi ununue mashine ya kupoza, na maji ya kisima hayatakusaidia kwa kuwa yana joto karibu lile lile. Kupasha ni rahisi kuliko kupoza: hita ya kilowati 3 inalitoa tangi la lita 200 kutoka nyuzi 28 hadi 50 kwa saa moja na dakika arobaini hivi, ukiongeza kidogo kwa joto linalopotea. Washa ukienda kuswali alfajiri, ukirudi kutoka kwenye chai liko tayari. Vilevile ya kloridi inatoa mvuke unaokula rektifaya na vyuma vya karakana, na chumvi ya hewani tayari inakutosha. Na rangi ya salfeti iko karibu zaidi na ile ya kromu sita waliyoizoea wateja.

Karibu zaidi, sikusema sawasawa. Weka kitasa cha kromu sita na cha kromu tatu kwenye mbao mbili za mlango mmoja, uvitazame saa nne asubuhi jua likiwa limepiga: cha sita kina weupe wenye ubuluu, kama kisu kipya, cha tatu kina kivuli cha moshi kidogo, karibu na chuma cha pua. Kimoja peke yake hakuna atakayegundua. Viwili pamoja, hata mtoto ataona. Kwa hiyo mteja akileta pete moja ya jozi, mwambie alete zote mbili uzivue kromu ya zamani na kuzipiga upya pamoja.

Kwenye ubora wa kazi kromu tatu inashinda mahali pengi. Inaingia kwenye mabonde ya nakshi ambako kromu sita huacha njano ya nikeli ikichungulia. Haiunguzi ncha na kona kuwa kijivu kirahisi. Bamba la kitasa la sentimita 20 kwa 10 lina desimita mraba 4 kwa pande mbili. Kwa kromu sita unahitaji ampea 60 juu yake, kwa kromu tatu 32 hadi 40 zinatosha, na kwenye tangi moja unatundika vitu vingi zaidi. Umeme ukikatika katikati, na wewe unajua unavyokatika, kromu sita inatoka na mawingu meupe na kazi imeharibika. Kromu tatu ukiwasha tena mara nyingi inaendelea bila alama. Pia utando wake kwa kawaida una vitundu au nyufa ndogo mno zilizosambaa, na kusambaa huko kunaisaidia nikeli: kutu inagawanyika kwenye maelfu ya vitundu badala ya kuchimba shimo moja.

Kasoro moja kubwa ukiikosa utajuta. Kromu sita hata pale isipofika, kwa mfano ndani ya bomba la reli, inakiacha chuma na ngozi nyembamba ya kinga. Kromu tatu haifanyi hivyo. Ndani ya bomba panatoka na asidi imepita na hapana chochote. Kwa kaskazi moja utaona maji mekundu yakidondoka kwenye ncha ya reli, na mteja atasema kromu imeota kutu. Baada ya kusuuza, chovya kwenye dawa ya kinga isiyo na kromu sita anayouza huyo huyo muuzaji, kausha, kisha nyunyiza nta ya maji ndani ya mabomba. Ni hatua ya dakika tano.

Sasa mahali kromu tatu inapokutaka uwe mtu mwingine: usafi. Inaharibika kwa makumi ya miligramu kwa lita, si kwa gramu. Shaba, zinki, nikeli, chuma na risasi zote ni sumu kwake, na wewe kazi yako kubwa ni brasi, ambayo ni shaba na zinki. Bawaba moja ikichomoka kwenye hanga ikalala chini ya tangi usiku kucha, asubuhi unaanza kuona mistari myeusi kwenye sehemu zenye umeme mdogo, pengine na mabaka meupe ya mawingu. Mistari myeusi kwanza shuku shaba na nikeli. Weupe shuku zinki. Chuma huingia hasa kupitia mabomba: maji ya tangi yenye pH ya 3.5 yanakula ndani ya bomba lisilo na kifuniko wakati wewe unaangalia nje linavyong'aa. Ziba ncha zote kwa vizibo vya mpira. Weka ndoano ndefu ya plastiki ukutani, na kila jioni pitisha sumaku iliyofungwa kwenye mfuko wa plastiki chini ya tangi kutafuta vyuma. Kwa brasi sumaku haisaidii, hesabu vipande vinavyoingia na vinavyotoka.

Tiba ya uchafu huo ni resini ya kubadilishana chembe, yaani punje zinazonasa metali chafu maji yakipita. Nunua mtungi wake tangu mwanzo, usingoje shida. Ukiwa huna, tundika bati la chuma lililokwisha pigwa nikeli, lenye mikunjo, upeleke umeme mdogo sana kwa saa kadhaa. Shaba na nikeli kiasi zitakwenda kukaa pale. Inasaidia ila haimalizi. Uchafu wa mafuta na dawa za mng'aro za nikeli unautoa kwa kichujio chenye mkaa amilifu, lakini muulize muuzaji kwanza, maana mkaa unachukua na baadhi ya viungo vya tangi lenyewe. Pima pH asubuhi na mchana kwa mita iliyosahihishwa. Karatasi hazitoshi kwa tangi linalotaka tofauti ya 0.2.

Adui anayeua haraka kuliko wote ni kromu sita yenyewe. Miligramu chache kwa lita zinatosha tangi kukataa kushika, au kuweka utando mweusi unaobanduka. Inaingiaje kwa mtu asiye nayo? Kwanza, kwa anodi za risasi: ukiziweka kwenye kromu tatu zinaigeuza kuwa sita, na risasi nayo inaingia. Anodi za titani zikichakaa mipako nazo zinaanza mchezo huo, kwa hiyo eneo la anodi liwe mara mbili ya eneo la vitu unavyochovya ili zisilemewe. Pili, kwa hanga za zamani: plastiki iliyozivika ina nyufa, na nyufa hizo zina maji ya kromu sita ya miaka. Utazisuuza mpaka maji yawe meupe, kisha zikiingia kwenye joto la nyuzi 50 zinatapika njano. Tatu, kwa mazoea: mafundi wa kromu sita huchovya kitu kwenye asidi ya kromiki nyepesi kabla ya tangi kuu. Kwenye kromu tatu hatua hiyo haipo. Badala yake chovya sekunde 15 hadi 30 kwenye asidi ya salfuriki ya asilimia 5 hadi 10, suuza, ingia moja kwa moja. Asidi ya betri ina salfuriki theluthi moja na zaidi kidogo, kwa hiyo sehemu moja ya asidi kwa sehemu nne za maji inakuweka kwenye kipimo. Asidi inamiminwa kwenye maji, si maji kwenye asidi. Na usiiache nikeli ikauke kati ya matangi. Ikikauka au ikilala usiku, inajenga ngozi isiyoonekana na kromu itabanduka kama ganda la kitunguu.

Kwa vitu vya brasi nyongeza moja. Brasi ya kuchongeka kwenye mashine ina risasi ndani, na asidi ya salfuriki inaiachia juu utando wa risasi salfeti usioonekana, nikeli ikabanduka. Kwa brasi hiyo, asidi ya mwisho kabla ya nikeli iwe ya fluoboriki. Vyuma vya pikipiki vya zinki ya kumimina, kama vishikio vya vioo, usiviguse: vinataka shaba ya sianidi kwanza, na sianidi haina nafasi Langoni.

Maji. Kisima cha Lamu kina chumvi, na chumvi ni kloridi. Kwenye kromu sita kloridi inaharibu mshiko na kuchimba vitu. Kwenye kromu tatu ya salfeti itachemka kuwa klorini kwenye anodi. Tangi lijazwe maji yaliyotolewa chembe zote au ya mashine ya kuchuja chumvi. Ya mvua kutoka kwenye jabia yanafaa kwa kusuuza, ukiyapima kwanza: weka matone mawili ya fedha naitreti kwenye gilasi, yakigeuka maziwa yana kloridi. Kusuuza kwa mwisho kabla ya kromu kusifanywe kwa maji ya kisima hata siku moja, na baada ya kromu pia, maana yakikauka yanaacha madoa meupe kwenye mng'aro.

Kuhusu taka usidhani kromu tatu ni maji ya kumwaga mtaroni. Mitaro ya mji inakwenda baharini, na kromu ni kromu. Pandisha pH hadi kati ya 8.5 na 9 kwa chokaa. Chokaa safi ya kuchomwa inafaa, ila tope linakuwa jingi kuliko kwa soda kostiki. Kromu inaanguka chini ikiwa tope la kijani. Subiri itue, chuja kwa mfuko wa kitambaa, kausha tope, lihifadhi kwenye ngoma yenye kifuniko mpaka lichukuliwe na msafirishaji mwenye leseni ya taka hatari. Viungo vinavyoishika kromu kwenye dawa hizi vinaweza kuizuia isianguke yote, kwa hiyo pima maji ya juu kabla ya kuyaachia. Maji ya nikeli yashughulikie peke yake, yanataka pH ya juu zaidi. Na tafadhali usitie dawa ya kupaushia nguo yenye klorini kwenye taka hizi ukidhani unasafisha: inaigeuza kromu tatu kuwa sita.

Ukilinganisha, taka za kromu sita zinataka hatua moja kabla ya hizo. Unashusha pH hadi 2 au 2.5, unatia sodiamu metabisulfaiti gramu 2.7 kwa kila gramu ya kromu sita kwa hesabu ya kikemia, na zaidi kidogo kwa vitendo, mpaka njano igeuke kijani kabisa. Ukikosea pH au kipimo, inapita yote, na kwa macho maji yenye miligramu 1 kwa lita yanaonekana kama ya kunywa.

Kromu tatu imekuondolea ukungu wa saratani, lakini tangi la nikeli bado unalo, na chumvi za nikeli nazo zimo kwenye kundi la 1 zikivutwa, mbali na kuwasha ngozi. Kwa hiyo glavu za nitraili, miwani, na feni ya kufyonza pembeni ya matangi yote hazina mjadala. Kabla ya kuunga waya wowote nenda NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, kwa tathmini ya mazingira, na sajili karakana chini ya Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007. Ukiwa ndani ya mji wa kale uliomo kwenye orodha ya UNESCO tangu 2001 utaulizwa maswali zaidi. Huenda kiwanja cha nje ya mji kikawa nafuu kuliko majibu.

Kazi za kromu ngumu, yaani shafti za boti na fimbo za haidroliki zinazotaka maikroni 20 na kuendelea, ziendelee kwenda Mombasa. Kromu tatu ya urembo haijengi unene huo. Na kitu kitakachozama majini muda wote usikipige kromu ya aina yoyote. Mwambie mteja anunue chuma cha pua cha 316 au shaba ya bahari.

Basi kwenye ule mzigo unaouziwa: tangi la risasi usichukue, nunua la plastiki ya polipropilini. Anodi za risasi usichukue, wala hanga. Zile ngoma mbili za asidi ya kromiki usikubali hata kama nyongeza ya bure, kwa kuwa atakayezipokea ndiye atakayelipia kuzitupa. Rektifaya ndiyo mali. Volti 12 zinafaa kabisa, kwa sababu kromu tatu inataka 8 hadi 12 wakati kromu sita ya urembo inaridhika na 4 hadi 8. Lakini ijaribu ikiwa imebeba mzigo: ifikishe ampea 200, pima volti za DC kwenye vichwa vyake, kisha geuza mita kwenye AC upime pale pale, kwa mita inayokata DC ikiwa kwenye AC. Ikisoma AC zaidi ya asilimia 5 ya DC, kwa mfano volti 0.5 wakati DC ni 9, huenda kuna dayodi iliyokufa ndani. Punguza bei kwa thamani ya dayodi, au iache.